Mzigo Usiopenda Barafu

"Kozi, Kozi, hapa Kiota. Kuku ametoka bandani. Narudia, kuku ametoka bandani."

"Nauona mkia wake," alijibu Kozi, akakata redio.

Alikuwa anauona kweli. Hiace nyeupe, vioo vyeusi, namba zake zimepakwa matope makusudi. Ilitoka geti la nyuma la hospitali kuu wakati kengele ya maabara bado inalia, na sasa ilikuwa inateremka barabara ya mafundi kama imekatika breki.

Kozi akaongeza mafuta. Yamaha ikanguruma, ikaruka mtaro, ikatua katikati ya karakana za wachomelea vyuma. Watu wakatupa miwani, wakatawanyika. Rundo la matairi likaporomoka, na tairi moja likamfuata kwa nyuma kama mbwa wa nyumbani.

"Wewe mwanamke, una kichaa?" fundi mmoja alifoka.

"Nitarudi kuomba radhi!"

Hakuwahi kurudi.

Mlango wa nyuma wa Hiace ukafunguka. Mdomo wa bunduki ukachungulia.

Pa! Pa!

Kioo cha pembeni cha pikipiki kikatoweka. Kozi akalala juu ya tangi, akachomoa Glock kwa mkono wa kushoto, akashusha pumzi.

Risasi moja tu.

Tairi la Hiace likapasuka. Gari likayumba, likakwangua ukuta wa kiwanda cha magodoro, likatulia likitoa moshi. Dereva akaruka nje, akapotelea vichochoroni. Yule mwenye bunduki akabaki amesimama, silaha ameinua nusu, anawaza.

"Weka chini," Kozi alimwambia kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Akaweka chini.

Ndani ya gari kulikuwa na kitu kimoja tu: deli la barafu, la buluu, limefungwa kwa mkanda wa karatasi. Kozi alilitazama bila kuligusa. Alikuwa amefukuza dhahabu katika maisha yake, na pembe, na mara moja balozi mzima ndani ya sanduku la piano. Hakuwahi kufukuza kitambi chake mwenyewe.

Maana mzigo ule ulitoka tumboni mwake.

Dada yake, mkubwa wake kwa baba na mama, alianza kukonda akiwa mtu mzima. Mafuta ya chini ya ngozi yalimwisha kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mashoga zake walimwonea wivu. "Mwenzetu unakula nini?" Alikuwa anakula kila kitu, na kila kitu kilikuwa kinageuka sukari kwenye damu. Miguu ikafa ganzi. Macho yakaingia ukungu. Alipolazwa, mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye ulimi mkali ambaye wote walimwita Mama Maabara, alimkalisha Kozi kwenye benchi la korido.

"Watu wanadhani mafuta ni gunia la akiba," alisema. "Si gunia. Ni kituo cha redio. Yanatuma homoni mwilini. Moja inaitwa adiponektini. Inasafiri mpaka kwenye ini, inalizibua masikio."

"Ini lina masikio, mama?"

"La dada yako limeziba. Kongosho linamwaga insulini. Insulini inaliambia ini, basi, acha kutoa sukari, iliyopo inatosha. Ini halisikii, linaendelea kumwaga. Insulini inazidi kupiga kelele, ini linazidi kuwa sugu. Na mafuta anayokula, kwa kuwa hayana pa kukaa chini ya ngozi, yanakwenda kujibana humohumo kwenye ini. Ndiyo yanazidi kuliziba."

"Kwa hiyo wanene ndio wazima?"

"Ha! Wanene wengine kituo chao kimetekwa. Mafuta yamevimba tumboni, yanatuma matusi badala ya salamu, na ini linaziba vilevile. Usijisifu na kitambi chako. Nataka kipande tu."

Wakamkata kipande. Kozi alibaki na kovu fupi juu ya mkanda wa suruali, na kule maabara seli zake zikaanza kusema. Zilimwaga homoni kuliko seli za mtu yeyote ambaye Mama Maabara aliwahi kumkata. Alichuja maji yake, akamdunga mgonjwa, na sukari ikaanza kushuka. Dada alitembea mwenyewe mpaka dirishani, akaomba kitana.

Halafu habari zikamfikia Bwana Barafu.

Hakuna aliyejua nchi yake. Alijulikana kwa kazi yake tu: kuiba dawa changa, kuivusha mpaka, na kuteketeza kilichobaki nyuma ili muuzaji awe mmoja duniani. Asubuhi ile watu wake walivunja kila sahani ya maabara na kuimwagia dawa ya kuondolea madoa. Kilichosalia kilikuwa kwenye mzigo ulioibwa. Kukuza kipande kingine cha Kozi kungechukua miezi; bila mzigo huo, dada asingemaliza mwezi.

Na amri ya Mkuu wa Kiota ilikuwa fupi. "Rudisha. Ukishindwa, haribu. Usivuke mpaka."

Kozi akachana mkanda. Akafungua deli.

Barafu. Vichupa vimepangwa vizuri, na ndani ya kila kimoja kitu cheupe, kigumu, kimeganda.

Akafungua kimoja, akanusa.

Mafuta ya kukaangia.

Akakaa kitako kwenye sakafu ya Hiace.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?" alimwuliza yule mtu wa bunduki, ambaye sasa alikuwa amelala kifudifudi, pingu mgongoni.

"Popote, dada. Tuliambiwa tukimbie na deli mpaka tukamatwe. Tukikawia kukamatwa, tutaongezewa hela."

"Na ukinipiga risasi?"

"Hilo halikuzungumzwa."

Redio ikakwaruza. "Kozi, umepata deli? Nimeweka vizuizi barabara zote. Kila deli, kila friji, kila chombo cha barafu kinafunguliwa."

"Mkuu, nani alikuambia utafute barafu?"

"Ni dawa, Kozi. Dawa inabebwa kwa barafu. Hata mtoto wa chanjo anajua."

Kumbe hapo ndipo walipopigwa chenga. Chanjo inapenda barafu. Damu inapenda barafu. Seli hai za mafuta hazipendi. Zikipigwa baridi, mafuta yaliyo ndani yake yanaganda, seli zinapasuka, zinakufa. Kozi alilijua hilo kwa sababu alikuwepo siku nyama yake ilipotolewa chumba cha upasuaji kupelekwa maabara, ng'ambo ya uwanja. Mashine ya joto ilikuwa haitegemeki, umeme ulikuwa unakatika ukijisikia. Kwa hiyo maabara ile ilikuwa na utaratibu wake. Walishona fulana yenye mifuko kuizunguka, vichupa vinaingia mifukoni, na mtu anaivaa chini ya shati, juu ya ngozi, anatembea taratibu kama aliyebeba mayai. Joto la mwili linafanya kazi.

Na aliyevaa fulana ile siku zote alikuwa dereva wa maabara, kwa sababu ya tumbo lake. Kubwa, laini, la moto. Maabara nzima ilikuwa inacheka. "Umeme ukatike tu," walikuwa wanasema, "tunalo tumbo la Shemeji."

Walimwita Shemeji kwa sababu Kozi alimwita hivyo. Alikuwa mume wa dada yake.

Kozi akatoa Nokia yake ndogo, ile isiyoingilika na wadukuzi. Akapiga wodini.

"Dada. Umeamkaje?"

"Nipo. Mbona unahema?"

"Napanda ngazi. Shemeji yupo hapo?"

"Amenipigia sasa hivi. Anasema atachelewa leo, gari la kazini limeharibika. Sauti yake hata sijaipenda, maskini. Kama mtu mwenye mafua. Ukimwona mwambie avae sweta."

"Nitamwambia."

Akakata. Halafu akabonyeza redio.

"Mkuu, acha madeli. Barabara zote umezifunga, kwa hiyo mzigo utavuka kwa ndege. Yupo uwanjani. Tafuta mtu mnene, amevaa nguo nzito."

"Umemjuaje?"

"Ni shemeji yangu."

"Nitume mwingine?" Mkuu aliuliza, mpole ghafla.

"Mwingine hajui kubeba mzigo."

Yamaha ikawaka.

Ukumbi wa kuondokea ulikuwa umefurika. Masanduku yenye magurudumu, watoto wanaolia, wazee wanaotafuta pasi walizoshika mkononi. Kozi alipita pembeni mpaka kwenye kiti cha nesi wa homa, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kamera ya joto na kumsimamisha yeyote ambaye kichwa chake kinang'aa. Hakuna aliyeng'aa. Nesi alikuwa anakata kucha.

"Kitambulisho," alisema bila kuinua macho.

Kozi akaonyesha. Nesi akaacha kukata kucha.

"Geuza kamera kwenye viti vya kule. Usitazame vichwa. Tazama matumbo."

"Matumbo?"

"Matumbo, mama."

Kwenye kioo watu walikuwa vivuli vya buluu na njano. Kamera ikapita mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Mungu wangu," alinong'ona nesi. "Yule kameza jiko?"

Kivuli kinene, peke yake karibu na dirisha. Koti la suti limefungwa vifungo vyote. Na kiunoni, kuanzia ubavu mpaka ubavu, mkanda mwekundu unawaka kama makaa. Alikuwa ameongeza mifuko ya maji ya moto. Fundi mzuri. Alikuwa anaijali kazi yake mpaka siku ya kuiuza.

Kozi alikwenda kukaa kiti cha pembeni.

"Shemeji."

Yule mtu hakushtuka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Shemeji," alijibu. "Nilijua utakuwa wewe. Hawa wengine wangehangaika na barafu mpaka kesho."

"Dada anasema uvae sweta."

Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Usinifanyie hivyo. Wewe hujui. Umewahi kulala na mtu ambaye mwili wake unageuka sukari? Namwosha miguu, hasikii maji. Nabadilisha shuka, nalala nusu jicho, nasikiliza kama anapumua. Miaka, shemeji! Nyinyi mnakuja na matunda yenu, mnakaa, mnatazama saa, mnaondoka. Wewe hasa. Una ulimwengu wa kuokoa."

Ilikuwa kweli, na ilimwingia Kozi palepale penye kovu.

"Wamekuahidi nini?"

"Maisha. Nyumba mahali pengine. Watamtibu hukohuko, walisema. Wana hospitali."

"Tiketi ngapi?"

Yule mtu alikaza vifungo vya koti.

"Shemeji, nakuuliza. Mfukoni una tiketi ngapi?"

Alitazama viatu vyake.

"Moja."

Basi. Kozi alikuwa amekuja akitafuta kitu cha kumtetea, na alikuwa amekipata, na sasa kilikuwa kimekwisha.

"Vua fulana. Taratibu."

"Asivue," sauti ilisema nyuma yao.

Mwanamume mrefu, suti ya kijivu, kikombe cha kahawa kwenye mkono mmoja. Alizungumza Kiswahili kilichonyooka mno, kama cha kusomwa kwenye taarifa ya habari. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kalamu nene.

Kozi aligeuka haraka. Si haraka vya kutosha. Kalamu ilimchoma pajani kupitia suruali, ikalia *tik*.

"Insulini," alisema Bwana Barafu. "Ya kutosha ng'ombe. Nimesoma habari zako, mpelelezi. Ini lako linasikia vizuri sana. Litatii, litafunga bomba la sukari, na ubongo wako utazimika kama taa. Kaa tu chini. Utaonekana umesinzia."

"Asante kwa somo," alisema Kozi, akampiga kichwa cha pua.

Kahawa ikaruka. Bwana Barafu akarudi nyuma, mkono ukaingia kotini kutafuta bastola. Kozi akaushika ukiwa bado ndani, akauzungusha upande ambao mikono haizunguki. Ukalia. Watu wakapiga mayowe. Goti moja tumboni, kisigino kimoja nyuma ya mguu, na yule bwana mrefu akawa chini, mkono umefungwa pingu kwenye chuma cha viti.

"Kiota, Kozi. Mbweha yuko mnyororoni."

"Na mzigo?"

Jasho baridi lilikuwa limemlowesha mgongo. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe. Alijivuta mpaka meza ya mwuza kahawa, akakamata vipakiti vya sukari, akavirarua kwa meno.

"Dada! Hivyo ni vya wateja!"

"Niletee basi kahawa," alisema, au alidhani amesema. Ulimi ulikuwa mzito. Sakafu ikaja kumlaki.

Shemeji angeweza kukimbia wakati huo. Geti lilikuwa wazi, ndege ilikuwa inaitwa.

Kozi alihisi mkono mnene ukiinua kichwa chake. Chupa ya soda ikagusa meno.

"Meza. Usiteme. Meza tena. Hivyo. Usilale, nitazame mimi. Wewe, lete nyingine! Na biskuti, chochote! Meza, mdogo wetu. Inarudi, inarudi."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyeifanya kazi hiyo mara nyingi, gizani, peke yake, kwa mtu mwingine. Alimwegemeza kwenye tumbo lake lile la moto, vichupa vikimgusa Kozi shavuni kupitia koti. Ulimwengu ukarudi polepole, rangi moja baada ya nyingine.

Alipoona macho ya Kozi yametulia, Shemeji akafungua vifungo. Akavua fulana, akaiviringisha kwenye koti ili isipoe, akamwekea mapajani.

"Chukua. Zote zipo, zote hai. Sasa niache niende. Sina tena kitu cha kuuza, hawatanitaka, nitapotea tu. Mwambie nimekufa. Gari lilipinduka. Atalia, atamaliza."

Kozi aliivaa fulana chini ya shati lake. Nyama yake ikarudi kugusa tumbo ilikotoka. Halafu akachukua pingu ya mwisho.

"Nimekuokoa!" alisema Shemeji.

"Najua. Nitalisema hilo mahakamani."

"Shemeji, nakuomba. Si kwa ajili yangu. Kwa ajili yake."

"Kwa ajili yake ungekuwa na tiketi mbili," alisema Kozi, na kufuli likalia.

Mama Maabara hakumsalimia. Alimvua fulana mlangoni, akaweka tone chini ya hadubini, akainama muda mrefu. Alipoinuka alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja.

"Ziko hai, mashetani haya. Nani alizibeba?"

"Dereva wenu."

"Ah. Hakuna kama yeye." Ndipo akakumbuka, akafunika mdomo.

Seli zikasema tena. Homoni ikachujwa. Siku nesi alipoingia wodini na sindano ya kwanza tangu wizi ule, Kozi alikuwa amesimama kando ya kitanda, kofia ya pikipiki kwapani. Dada alinyoosha mkono mwembamba, akadungwa bila kukunja uso. Asubuhi ile polisi walikuwa wamekuja kuchukua maelezo ya mke wa mtuhumiwa. Kozi alikuwa amewaomba wamwachie amweleze kwanza yeye. Hawakumsubiri.

Nesi alipotoka kwenda kuleta kipimo, dada alisema, "Ni wewe uliyemfunga?"

"Ni mimi."

"Kwa mikono yako."

"Ndiyo, dada."

"Alikuwa na tiketi ngapi?"

Kozi akatazama dirisha. Alikuwa amewahi kushika bunduki mbele ya watu wabaya wa kila rangi. Hili lilikuwa zito kuliko bunduki.

"Moja."

Dada alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu aliyoyajua.

"Ungeniambia amekufa."

"Nilifikiria."

"Ungefanya. Nani alikuomba ukweli? Ningelia, ningemaliza. Sasa nitapona, mdogo wangu. Nitapona nikae miaka na hii." Akageukia ukutani, na mifupa ya mgongo ikajichora kwenye gauni la hospitali. "Usije tena."

"Nitakuletea..."

"Usilete. Kilichotoka kwako kimo ndani yangu, kinatosha."

Kozi alitoka. Hakuondoka. Alisimama koridoni, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, akasubiri. Watu wa usafi walipita na ndoo. Nesi akarudi, akachoma kidole, halafu ikasikika sauti changa yenye furaha ambayo haikujua lolote:

"Imeshuka! Mama, ona mwenyewe, imeshuka! Ini limesikia!"

Mgonjwa akavuta shuka mpaka kichwani.

Redio ikakwaruza kifuani. "Kozi, Kozi, hapa Kiota. Uko wapi?"

"Barabarani," alisema Kozi.

Akavaa kofia, akafunga mkanda wake chini ya kidevu, akateremka ngazi bila haraka. Kovu la tumboni lilikuwa linawasha. Hakulikuna.